KUTU CHINI YA GARI SI DENI LA DEREVA



Sisi tunaofanya kazi za magari huku mpakani, kuanzia Malaba na Tororo mpaka Busia na Buhehe, tunajua kwamba gari huoshwa juu likang'aa, lakini chini yake hatazami mtu. Na huko chini ndiko kuliko fremu, springi na paipu za breki. Leo tunazungumza juu ya kutu, kwa maana imekuwa chanzo cha ugomvi kati ya madereva na matajiri.

Ndugu yetu mmoja alipasukiwa na paipu ya breki akishuka mlima na mzigo. Mungu alimsaidia, lori likakwama kwenye tuta la udongo. Kesho yake tajiri akamwambia kwamba gharama ya matengenezo itakatwa katika mshahara wake. Tulipoingia chini ya lori lile tuliikuta paipu imeliwa na kutu mpaka ikawa nyembamba kama karatasi. Kutu ya namna hiyo haiji kwa siku moja.

KUTU INATOKA WAPI

Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Chumvi ikiongezeka, kutu huenda mbio, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kuliwa kwa chuma. Malori yetu hubeba chumvi ya Gongoni na Marereni, pwani ya Kenya, safari ya zaidi ya kilomita 900. Pikapu za samaki kutoka Majanji na Sio Port hudondosha maji ya barafu na chumvi juu ya fremu njia nzima. Magari mengine ya mitumba yametumika kaskazini ya Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Tena matope yakiganda kwenye pembe za fremu hukaa na unyevu hata jua likiwaka.

Mabaharia wa pwani hawakungoja jahazi litobolewe na wadudu. Walilipandisha ufuoni, wakalisugua, wakalipaka shahamu sehemu inayokaa majini. Gari nalo linataka kazi hiyo hiyo.

KAZI ILIYO SAWA

1. Osha chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi, toa matope yote, kisha acha pakauke kabisa.

2. Kwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Gonga fremu kwa nyundo. Ikitoa mlio mzito au ikibonyea, hapo panataka kuchomelewa, si kupakwa. Paipu ya breki iliyoliwa hubadilishwa.

3. Paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Ikikauka, ndipo upake dawa nyeusi ya lami ambayo mafundi huiita andasili. Ndani ya fremu yenye uwazi pulizia dawa ya nta, maana hupenya pembeni.

4. Usizibe matundu ya kutolea maji. Usipake sailensa, diski na dramu za breki wala mipira.

5. Kagua kila mwaka. Lami ikipasuka, maji huingia nyuma yake na kutu hula chuma kwa siri. Lami iliyopakwa juu ya kutu ni blanketi juu ya kidonda.

Wengine hupaka oili chafu ya injini kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo huharibu mipira, huchafua udongo, na ikishinda kwenye ngozi miaka mingi huweza kuleta saratani.

AFYA YA FUNDI

Fundi anayelala chalichali akipuliza dawa huvuta mvuke wa tina, na vumbi la kutu humwangukia machoni. Apewe miwani, glavu na barakoa ya kuzuia mvuke. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Kazi ifanyike penye hewa, mbali na moto. Kabla ya kuchomelea, lami ikwanguliwe, kwa sababu hushika moto na moshi wake ni sumu. Sheria za usalama kazini, ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa hivi bila kumtoza mfanyakazi.

TUNALODAI

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kutu iliyokula chuma miaka mitano ni makusudi ya nani?

Kwa hiyo, madereva na matanboi, tazameni chini kabla ya safari. Mkiona kutu kwenye breki au fremu, andikeni katika kitabu cha gari, tarehe na sahihi, na nakala ileteni tawini. Mafundi, msikubali kupaka lami juu ya ubovu ili gari lipite ukaguzi. Nasi katika mapatano yajayo tutadai kwamba kuosha na kupaka chini ya kila gari kila mwaka kuwe gharama ya mwajiri, na iandikwe hivyo. Neno la mdomo halijawahi kumrudishia mtu mshahara wake.