Hewa ya Goma na Radi ya Kivu

Mtoto wa Goma hajui joto kali, wala hajui baridi kali. Asubuhi huvaa sweta akienda shule, na saa sita huivua. Mchana kipimajoto huonyesha digrii 25 hivi, na usiku digrii 15 hivi. Joto la Januari na joto la Julai ni karibu sawasawa. Tena mvua hutujia miezi mingi ya mwaka, na maharagwe na viazi hustawi.

Si watu wote wa dunia waliopata hewa ya namna hii. Basi tutembee kidogo katika nchi nyingine, tuone joto, baridi na mvua za huko. Kisha tutarudi kwetu Kivu, maana sisi nasi tuna jambo moja ambalo kwalo tunazipita karibu nchi zote. Jambo hilo ni radi.

1. Hewa ya nchi za mbali

Katika Marekani, upande wa magharibi, kuna bonde liitwalo Death Valley, maana yake Bonde la Mauti. Sehemu yake kubwa iko chini kuliko uso wa bahari. Tarehe 10 Julai 1913 kipimajoto cha huko kilionyesha digrii 56.7. Hilo ndilo joto la hewa kubwa kupita yote yaliyoandikwa na wapimaji.

Sasa twende Siberia, katika nchi ya Urusi. Huko kuna kijiji kiitwacho Oymyakon. Maji, mnavyojua, huwa barafu kipimajoto kikifika sifuri. Katika Oymyakon, mwaka 1933, kipimajoto kilishuka hata digrii 67.7 chini ya sifuri. Hata hivyo watu wanakaa huko, wanafuga wanyama, na watoto wanasoma. Baridi kubwa zaidi ilipimwa Vostok, katika Antaktika, tarehe 21 Julai 1983: digrii 89.2 chini ya sifuri. Huko hakuna vijiji, ila wataalamu wachache tu.

Na mvua je? Goma hupata zaidi ya mita moja ya maji kwa mwaka. Mawsynram, kijiji cha India, hupata karibu mita 12. Maji hayo, kama yasingetiririka, yangeifunika nyumba ya ghorofa. Lakini Arica, mji wa Chile katika Amerika ya Kusini, hupata chini ya milimita moja. Tangu Oktoba 1903 hata Januari 1918 halikuanguka tone hata moja. Mtoto aliyezaliwa huko wakati ule alifika miaka 14 asijue mvua ni kitu gani.

2. Kwa nini hewa ya Goma ni ya upole?

Goma iko karibu na ikweta. Jua hutuangazia kwa nguvu karibu ile ile mwaka mzima, nasi hatuna majira ya baridi kama Wazungu. Lakini kama ni hivyo, mbona hatuungui kwa joto?

Jibu ni kimo cha nchi yetu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mtu akipanda mita 1,000, joto hupungua digrii 6 hivi. Kisangani nayo iko karibu na ikweta, lakini kimo chake ni mita 400 tu na kidogo. Kwa hiyo kuna joto kuliko kwetu. Ukipanda zaidi, baridi huzidi. Kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, huonekana cheupe siku nyingine. Na juu ya Ruwenzori, mita 5,109, kuna barafu mwaka mzima, ingawa inapungua kwa sababu dunia inazidi kupata joto.

Likumbukeni neno hili: kadiri tunavyopanda juu, ndivyo baridi inavyoongezeka. Litatufaa sasa hivi.

3. Radi nyingi kupita za wengine

Tangu mwaka 1998 hata 2013 chombo kimoja kiitwacho setilaiti kilizunguka dunia angani, kikihesabu miali ya radi katika nchi za joto. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza hesabu yake. Mahali pa kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo, katika Venezuela: miali 232 kwa mwaka katika kila kilomita mraba moja, yaani kiwanja chenye kilomita moja kila upande. Mahali pa pili ni karibu na Kabare, katika Kivu ya Kusini: miali 205. Na miongoni mwa mahali kumi pa kwanza imo Sake, jirani yetu, yenye miali 143. Si miali yote inayofika chini. Mingi hubaki mawinguni. Lakini inayofika yatosha kuleta hatari.

Sababu yake ni nini? Jua huchemsha msitu mkubwa wa Kongo na maji ya Ziwa Kivu, na mvuke hupanda. Upepo huusukuma mvuke huo kwenye milima ya Mitumba na Virunga. Mvuke hauwezi kupenya mlima. Hauna budi kupanda. Hapo wingu hukua, likafika kilomita 15 juu. Huko juu ya vichwa vyetu baridi hupita digrii 60 chini ya sifuri, kama ile ya Siberia. Ndani ya wingu punje za barafu hupanda na kushuka, zikigongana na kusuguana, na kwa kusuguana huko umeme hujilimbikiza. Ukizidi, huruka kwa ghafula: ndio radi. Njia yake huwaka joto la digrii 30,000 hivi, mara tano kuliko uso wa jua. Hewa iliyochomwa hivyo hupasuka kwa kishindo, nasi tunasikia ngurumo.

4. Radi haitumwi na mtu

Wako watu wasemao kwamba radi hutumwa na jirani mwenye chuki. Akifa mtu, humtafuta mzee fulani wa kumshitaki. Fikirini wenyewe: ni nani awezaye kutuma miali mamia katika kila kiwanja, kila mwaka, hata penye msitu usio na watu? Radi haichagui adui. Hupenda kupiga kitu kirefu: mti, mlingoti, au mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Kumshitaki mzee kwa ajili ya radi ni kuongeza msiba juu ya msiba.

Mwaka 2011, huko Kiryandongo katika Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ikaua wanafunzi 18. Basi shikeni sana mashauri haya:

Ukisikia ngurumo, acha mchezo, ingia ndani. Usingoje mvua ianze.

Usijikinge chini ya mti. Toka ziwani upesi, na weka chini jembe na panga.

Nyumba ya matofali au ya saruji ni bora kuliko kibanda cha majani. Gari lenye bati juu nalo ni kimbilio jema. Ukiwa ndani, kaa mbali na kuta, madirisha na nyaya, wala usishike simu iliyotiwa kwenye umeme.

Usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mtu aliyepigwa na radi hana umeme tena mwilini. Mguseni bila hofu. Ikiwa hapumui, mtu mzima anayejua ampulizie pumzi na kumkandamiza kifua, na wengine wakimbie kumwita muuguzi. Wengi wamekufa kwa sababu jirani zao waliogopa kuwagusa.

Shule na kanisa zaweza kulindwa kwa fimbo ya chuma juu ya paa, iliyofungwa waya mnene unaoshuka mpaka ardhini. Fimbo hiyo ilitungwa na Benjamin Franklin wa Marekani katika karne ya 18. Lakini katika Goma mawe meusi ya volkano hayapitishi umeme vizuri. Kwa hiyo kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua.

Hewa yetu ni njema, na tushukuru. Lakini mtu mwenye akili hutazama na wingu pia.

Maswali

1. Kwa nini Kisangani kuna joto kuliko Goma?
2. Barafu ndani ya wingu hufanya kazi gani?
3. Ngurumo hukawia sekunde 3 hivi kwa kila kilomita moja. Ukiona mwali, kisha ngurumo ikaja baada ya sekunde 15, radi iko umbali gani? Utafanya nini?
4. Utamjibu nini mtu asemaye kwamba radi imetumwa na jirani?