Daraja la Tao

Watu wa Mabibo na jirani zao wajua taabu ya mto uliofurika. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, hupita bonde la Jangwani, kisha huingia baharini. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha, maji yakapanda, na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani. Je, daraja hujengwaje hata likashindana na maji?

Namna moja iliyo imara ni daraja la tao, yaani daraja lililopindwa kama upinde. Jaribuni wenyewe. Twaeni kipande cha karatasi ngumu, mkilaze juu ya matofali mawili yaliyoachana, kisha wekeni jiwe dogo katikati. Karatasi itabonyea. Sasa kipindeni kama upinde, ncha zake zikibanwa na matofali yale. Kitachukua uzito zaidi. Lakini sogezeni tofali moja kidogo tu, nacho kitaanguka mara moja.

Sababu yake ni hii: uzito ulio juu ya tao hulibana, kisha husukumwa upande huu na huu mpaka kwenye kingo. Nalo zege, yaani saruji iliyochanganywa na mchanga, kokoto na maji, huvumilia sana kubanwa, bali likivutwa hupasuka upesi. Kwa hiyo zege na tao hupatana sana. Tena mafundi hutia vyuma ndani ya zege, ili visaidie mahali panapovutwa.

Katika mji mdogo wa Cotter, jimbo la Arkansas, Marekani, zamani watu walivuka Mto White kwa pantoni. Mto ukifurika, wasafiri walingoja siku nyingi. Mwaka 1930 likajengwa daraja la zege lenye matao makubwa 5. Kwa kuwa kila tao laruka mbali, nguzo chache tu husimama majini, na mafuriko hupata njia ya kupita.

Basi, nguvu za daraja hazimo mgongoni mwake tu, zimo miguuni pia. Mto ukila kingo, au watu wakichimba mchanga karibu na nguzo, daraja hulegea chini kabla ufa haujaonekana juu. Achimbaye mchanga pale asogeza lile tofali.