Bando likiisha, somo lisikwame

Likizo ndiyo hii. Umeomba simu ya mama, amekuwekea bando ya saa moja, na baada ya video mbili za Fizikia, kwisha! Usikate tamaa. Zipo zana za masomo ambazo ukishazipakua mara moja, hazikudai senti tena.

Anza na PhET. Haya ni majaribio ya sayansi na hesabu yaliyoanzishwa mwaka wa 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwaka mmoja baada ya kushinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni ya bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Chukua lile la umeme: unavuta betri, nyaya na balbu, unaviunganisha kwa kidole. Ongeza betri, balbu inang'aa zaidi. Unganisha vibaya, betri inashika moto, lakini kwenye skrini tu. Rudia hata mara ishirini, hakuna atakayekugombeza.

Hesabu inakusumbua? Pakua GeoGebra. Andika y = 2x + 1, kisha badilisha hiyo 2 iwe 5 uone mstari unavyosimama. Sasa mwinamo utauelewa, badala ya kukariri fomula.

Nawe mwalimu, najua simu haziruhusiwi bwenini. Jaribu Kolibri. Unaiweka kwenye kipakatalishi chako, unapakua masomo mahali penye Wi-Fi, yakiwemo ya Khan Academy na hayo ya PhET. Ukifika darasani, tableti au kompyuta za shule zinaunganishwa na kipakatalishi hicho na kusoma kutoka humo. Intaneti haihitajiki. Na kama una projekta pekee, jaribio moja ukutani linatosha darasa zima.

Hili si jambo dogo. Darasa la wanafunzi 50 likiwa na seti mbili za vifaa, wengi huishia kuchungulia begani mwa wenzao, kisha KCSE inafika na karatasi ya tatu ya Fizikia ni ya vitendo. Hapo kila mtu yuko peke yake na nyaya zake.

Ndiyo maana skrini isichukue nafasi ya maabara. Itumie kujiandaa. Kabla ya kubonyeza chochote, andika daftarini unachodhani kitatokea: balbu itang'aa zaidi au itafifia? Kwa nini? Kisha bonyeza. Ukikosea, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Anayebonyeza tu bila kuwaza anacheza gemu.

Kwa hivyo ukipata bando leo, usianze na video. Pakua kwanza. Video utazitazama na kitakachobaki.