Anthia na Habrocomes: Wapenzi Waliotenganishwa katika Riwaya ya Kigiriki ya Kale

Katika mihadhara ya fasihi ni kawaida kusikia kwamba riwaya ilizaliwa Ulaya pamoja na mashine ya kupiga chapa, ikalelewa na tabaka la wafanyabiashara wa mijini, kisha ikaletwa Afrika pamoja na shule. Kauli hiyo ina ukweli wake kuhusu riwaya ya kisasa. Hata hivyo, inasahau kwamba katika karne za mwanzo za zama za Kikristo, mashariki mwa dola ya Roma, watu walikuwa tayari wakisoma hadithi ndefu za nathari, zenye wahusika wa kubuni, mapenzi, safari na misukosuko mingi. Tano kati ya hadithi hizo zimetufikia zikiwa kamili, nazo ni za Chariton, Xenophon wa Efeso, Achilles Tatius, Longus na Heliodorus. Makala haya yanaichunguza ile ya Xenophon, ambayo kwa kawaida huwekwa katika karne ya 2. Ndiyo iliyodharauliwa kuliko zote, na sababu za kudharauliwa kwake zinamgusa kila anayeshughulika na fasihi simulizi.

Kwanza hadithi yenyewe. Katika mji wa Efeso aliishi kijana wa miaka kumi na sita aitwaye Habrocomes, mzuri wa sura hata watu wakamwinamia kama mungu. Kiburi kikamjaa, akamdharau Eros, mungu wa mapenzi, na kusema kwamba hamtambui. Siku ya sikukuu ya Artemis, katika maandamano ya kwenda hekaluni, alimwona Anthia, binti wa miaka kumi na minne aliyetangulia mbele ya wasichana wenzake. Siku ile ile kiburi kikaisha. Wote wawili wakaugua ugonjwa usio na dawa, wakakonda, na wazazi wao, baada ya kuhangaika na waganga, wakapeleka watu Kolofoni kuuliza kwa mungu Apollo. Jibu lilikuwa la kutisha: vijana watapata mateso, watakimbizwa baharini, watafungwa minyororo, kaburi litakuwa chumba chao cha arusi, lakini mwishowe hali yao itakuwa njema. Wazazi wakawaoza, kisha, kwa kutaka kuituliza kauli ya mungu, wakawapakia merikebuni wasafiri.

Msomaji wa leo atauliza mara moja: mzazi gani huyu anayesikia kwamba hatari iko baharini, naye akawapeleka watoto wake baharini? Wahakiki wa karne ya 19 waliuliza hivyo hivyo, na wakaandika kwamba mtunzi hana akili. Lakini aliyezoea ngano hatashangaa. Katika ngano utabiri hautolewi ili watu waukwepe. Hutolewa ili msikilizaji ajue mwisho wa safari, apate kustahimili ya katikati. Anajua kwamba watakutana. Asilolijua ni njia watakayopita.

Njia hiyo ni ndefu. Wakiwa merikebuni, Anthia na Habrocomes wanaapiana kwamba kila mmoja atabaki mwaminifu kwa mwenzake hata wakitengana. Baada ya kutua Rhodes na kuweka wakfu silaha za dhahabu katika hekalu la Helios, wanatekwa na maharamia Wafoinike, merikebu yao inachomwa moto, nao wanapelekwa Tiro kuwa mali ya mkuu wa maharamia, Apsyrtus. Hapo Manto, binti wa bwana huyo, anamtamani Habrocomes. Anapokataliwa, anamshitaki kwa baba yake kwamba alitaka kumnajisi. Hapa kila msomaji wa Kiswahili, awe Mkristo au Mwislamu, atakumbuka kisa cha Yusufu na mke wa bwana wake huko Misri. Habrocomes anapigwa mijeledi na kutiwa gerezani. Manto anaolewa, anachukuliwa Antiokia, na Anthia anakwenda naye kama mtumwa. Kuanzia hapo wapenzi hawaonani tena hadi mwisho wa kitabu.

Misukosuko ya Anthia haiwezi kuelezwa yote hapa. Anapewa mchunga mbuzi aitwaye Lampon awe mkewe, anauzwa kwa wafanyabiashara, chombo kinavunjika, anatekwa na majambazi wa Hippothous, ambao wanataka kumtundika mtini na kumchoma kwa mikuki iwe sadaka kwa mungu wa vita. Ofisa mlinzi wa amani wa Kilikia, Perilaus, anamwokoa, lakini naye anataka kumwoa. Anthia anaomba siku thelathini za kungoja, kisha anamsihi tabibu mmoja ampe sumu. Tabibu anampa dawa ya usingizi tu. Anazikwa akiwa hai, wezi wa makaburi wanamtoa, anauzwa Aleksandria kwa Psammis, mfalme kutoka Bara Hindi. Baadaye anamwua kwa upanga jambazi anayemshika kwa nguvu, anatiwa shimoni pamoja na mbwa wawili wakali, anatoka huko, na kwa wivu wa mke wa ofisa mmoja anauzwa hadi Tarentum, Italia, katika nyumba ya malaya. Huko anajiangusha mbele ya wateja kama mwenye kifafa.

Habrocomes naye hakustarehe. Anaachiliwa Tiro baada ya uongo wa Manto kujulikana, anaanza kumtafuta mkewe, anafuatana kwa muda na Hippothous yule yule, kisha anatekwa kwenye milango ya mto Nile na kuuzwa. Mke wa bwana wake mpya, Cyno, anamtaka, na yuko tayari kumwua mumewe kwa ajili hiyo. Hapa kuna jambo ambalo wafupishaji wa hadithi hii hupenda kuliruka: baada ya kusitasita sana, Habrocomes anakubali. Anarudi nyuma pale tu Cyno anapotekeleza mauaji. Shujaa wa usafi ana ufa, na mtunzi hakuuziba. Mwanamke huyo anamsingizia mauaji, na liwali wa Misri anaamuru asulubiwe kando ya mto. Anaomba dua kwa mungu jua. Upepo unauangusha msalaba majini. Anakamatwa tena na kuwekwa juu ya kuni ili achomwe. Mto unafurika na kuuzima moto.

Ni mfululizo huu wa mambo, moja juu ya jingine bila kupumzika, uliowafanya wataalamu wa Ulaya wakose subira. Erwin Rohde, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1876 juu ya riwaya ya Kigiriki, aliziona hadithi hizi kuwa zao la zama za uchovu. Mwaka 1892 Karl Bürger alitoa hoja nyingine: kitabu tulicho nacho si kitabu kamili bali ni muhtasari. Ushahidi mmoja uliotumika ni kwamba Suda, kamusi kuu ya Kibizanti ya karne ya 10, inasema hadithi hii ina vitabu kumi, hali nakala yetu ina vitano. Nakala yenyewe ni moja tu, iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 13 na kuhifadhiwa Florence. Kwa mara ya kwanza ilipigwa chapa London mwaka 1726. (Miaka miwili baadaye, 1728, ndipo Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate, juu ya vita vya Mfalme Herakali wa hao hao Wabizanti. Ni sadfa tu, lakini inatukumbusha kwamba tarehe ya kupiga chapa na umri wa fasihi ni mambo mawili mbalimbali.)

Hoja ya muhtasari ilitawala kwa zaidi ya miaka sabini, hadi Tomas Hägg alipoipinga mwaka 1966. Lakini jibu linalomhusu zaidi mwanafunzi wa Kiswahili lilikuja mwaka 1995 katika kitabu cha James O'Sullivan. Mtaalamu huyo alizichunguza kauli za Xenophon moja moja, akaonyesha kwamba matukio ya aina moja husimuliwa kwa maneno yale yale au yanayokaribiana sana: mtu anavyopenda kwa ghafula, anavyoshindwa kuvumilia, anavyoomba dua, merikebu inavyong'oa nanga. Kwake hiyo si alama ya mfupishaji mvivu. Ni alama ya sanaa ya msimulizi, ambaye ana hazina ya kauli kariri na mandhari kariri, naye huzipanga upya kila asimuliapo. Wengine hawakukubaliana naye kwamba hadithi hii ilitoka moja kwa moja katika simulizi za mdomo, na hakika kauli kariri peke yake haitoshi kuthibitisha jambo hilo, kwa kuwa mwandishi naye anaweza kuiga mtindo wa wasimulizi. Hata hivyo, ugunduzi wenyewe unabaki. Kile kilichoitwa udhaifu kwa kipimo cha kitabu kinakuwa na kazi yake kwa kipimo cha sikio. Wale waliokwisha kuona ngano zetu zikiitwa "fupi", "kavu" au "zinazojirudia" na watu waliozisoma karatasini bila kuzisikia watalielewa jambo hili bila maelezo marefu.

Liko suala jingine, zito zaidi kuliko mtindo. Mitihani ya wapenzi hawa, kwa sehemu kubwa, ni mitihani ya utumwa. Vijana wa nyumba za kitajiri wanageuzwa bidhaa. Wanapewa, wanauzwa, wanahamishwa kutoka bandari hadi bandari. Mtumwa katika dunia ya Roma hakuwa na haki juu ya mwili wake mwenyewe, na kwa hiyo kiapo cha uaminifu cha mtu aliyeuzwa ni kiapo cha kulinda kitu ambacho sheria imekwisha kumpokonya. Anthia hana jeshi wala ndugu. Ana maneno tu: anaomba siku thelathini, anamwambia Psammis kwamba amewekwa wakfu kwa mungu wa kike Isis, anabuni kisa cha pepo aliyempata makaburini ili aeleze kifafa chake. Kila mara anaokolewa na hadithi anayoitunga. Katika Kongo ya mashariki, ambako Kiswahili kiliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kurasa hizi hazisomwi kama mchezo. Msomaji anaweza kuziweka kando ya Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934) na kuona jinsi swali la mtu aliyetolewa kwao kwa nguvu linavyoulizwa upya.

Michel Foucault, mwishoni mwa juzuu ya tatu ya historia yake ya mapenzi ya jinsia (1984), aliona katika riwaya hizi dalili ya maadili mapya: mume naye anadaiwa usafi anaodaiwa mke. Kwa Xenophon hilo ni kweli katika kiapo, ambacho ni kimoja kwa wote wawili. Katika utekelezaji ni kweli nusu, kama ufa wa Habrocomes unavyoonyesha. Anthia hakusitasita kamwe.

Mikhail Bakhtin naye alidai kwamba wakati katika riwaya hizi haumgusi mtu: miaka inapita, wapenzi hawazeeki, wanabaki walivyokuwa. Kwa mashujaa wenyewe dai hili lina nguvu. Lakini Xenophon ameweka katikati ya hadithi mtu mmoja anayelikanusha. Huko Sirakusa Habrocomes anapokewa na mvuvi mzee na maskini, Aegialeus, Msparta aliyetoroka ujanani na mpenzi wake Thelxinoe ili wasitenganishwe. Walizeeka pamoja katika umaskini. Thelxinoe amekwisha kufa, naye mzee hakumzika: ameuhifadhi mwili wake kwa ufundi wa Kimisri, anao nyumbani, anakula naye, anazungumza naye. Anasema kwamba wewe unamwona kikongwe, yeye anamwona kama alivyokuwa msichana. Wahakiki wengine wamekirimbia kisa hiki kwa karaha. Lakini hapa wakati umefanya kazi yake yote, na mapenzi yamebaki. Habrocomes anatazama, kisha analia kwamba yeye hana hata maiti ya Anthia ya kumfariji.

Wanakutana Rhodes, mahali walipotua mwanzoni. Hippothous, ambaye sasa ni tajiri, amemkuta Anthia Italia, akamnunua na kumtambua. Watumishi wao wa zamani, Leucon na Rhode, nao wamepata uhuru na urithi. Anthia anakata nywele zake na kuziweka katika hekalu la Helios pamoja na maandishi kwa ajili ya Habrocomes. Kwa maandishi hayo watumishi wanajua kwamba yuko hai. Usiku ule, wengine walipolala, Anthia anamweleza mumewe yote, majina na miji, na kumwambia kwamba amebaki wake. Kisha anamwuliza: nawe je, hakuna mwanamke aliyekushawishi unisahau? Habrocomes anajibu kwa kuapa kwamba hakumwona mwingine mzuri. Juu ya Cyno hasemi neno, na mtunzi naye hasemi.

Walipofika Efeso waliwakuta wazazi wamekufa kwa uzee na huzuni, wakawajengea makaburi makubwa. Lakini kabla ya hayo walikwenda moja kwa moja kutoka bandarini hadi hekalu la Artemis, wakatoa sadaka, wakamwekea mungu huyo wakfu maandishi ya yote waliyoyapata na yote waliyoyatenda.