Mwiko Umepakwa Nini?

Nyumba zetu zina desturi njema ya kuchungua chakula. Nyama huulizwa imechinjwa na nani, na mchele hutolewa chuya moja moja. Ama mwiko, upawa na kinu, hivyo hununuliwa kwa kuwa vyang'aa tu, wala hapana aulizaye vimepakwa nini. Nacho kilichopakwa huingia chunguni pamoja na chakula.

Hatuna budi kujua kwamba kung'aa si usalama. Vanishi na rangi za nyumba ni utando uliokaa juu ya mti. Mwiko ukikwangua sufuria ya moto utando hubanduka, na ndani ya kinu mchi huuvunja mara moja. Rangi nyingine zina madini ya risasi, nayo hudhuru akili za watoto. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango chake kijulikanacho kuwa hakina madhara. Oili chafu ya magari, ipakwayo boriti kuzuia mchwa, isikaribie jiko kabisa. Kiti cha mbuzi ya kukunia nazi chaweza kupakwa vanishi, kwa kuwa nazi haikigusi.

Basi tupake nini? Mafuta ya nazi yaliyoiva vyema na kuchujwa yatufaa sana watu wa pwani: hayakauki, lakini hayachachi upesi. Mafuta ya alizeti hufanya unato na harufu mbaya. Mafuta mabichi ya kitani hukauka ndani ya mti, ila yataka majuma kadhaa. Yale ya dukani yaitwayo ya kuchemshwa huwa yametiwa dawa za kukausha, kama kobalti na manganizi. Hayo tuyaache kwa milango. Mafuta ya parafini ya kunywa, yauzwayo maduka ya dawa kwa kulainisha choo, nayo yafaa. Lakini tahadharini: mafuta ya taa, ambayo wengine huyaita parafini, ni sumu.

Nta ya nyuki ni njema kwa chano na bakuli za vyakula vikavu. Yeyusheni fungu moja la nta kwa mafungu manne ya mafuta ya nazi, chombo kikiwa ndani ya maji ya moto. Kwa mwiko haidumu, maana nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65, na uji unaochemka wapita hapo.

Nanyi vijana mnaojifunza useremala, fanyeni hivi. Pigeni msasa, lowesheni mti ili nyuzi zake zisimame, ukauke, kisha pigeni msasa tena. Pakeni mafuta, yaacheni usiku mmoja, asubuhi futeni yaliyobaki juu. Rudieni mara tatu. Matambara yenye mafuta ya kitani msiyarundike, kwani huweza kuwaka yenyewe. Yatandazeni nje au yaloweshe majini.

Kinu kisipakwe kitu. Kioshwe tu, kikaushwe kivulini. Mwiko nao usilale majini, na ukianza kuwa mweupe na mkavu, upakwe tena.

Fundi akiulizwa amepaka nini, akajua jibu, nunueni kwake. Asiyejua, mwambieni awape mwiko mkavu usiopakwa kitu, mkaupake wenyewe nyumbani.