Kutenganisha na Kutambua: Vibadala vya Metalothioneini

Mwanaisimu anayechunguza alofoni, yaani vibadala vya fonimu moja, hulazimika kwanza kuonyesha kwamba vinatofautiana, kisha kueleza kila kimoja ni kipi. Hatua hizo mbili, kutenganisha na kutambua, zimo pia katika kemia ya viumbe. Mfano wake ni metalothioneini, protini ndogo inayofungamana na metali.

Protini hiyo ilielezwa mara ya kwanza na Margoshes na Vallee mwaka 1957, baada ya kupatikana katika figo ya farasi ikiwa imebeba kadimi. Katika mamalia huundwa na asidi amino 61 hadi 68. Kati ya hizo, 20 ni sisteini, ambazo salfa yake hushika ioni 7 za zinki au kadimi. Binadamu ana makundi manne ya vibadala vyake. Ndani ya kundi la kwanza mna vibadala vidogo kadhaa vinavyohitilafiana kwa asidi amino chache tu.

Katika kromatografia ya kimiminika, sampuli hupitishwa katika mrija uliojazwa chembechembe. Chembechembe zenye chaji chanya hutenga kundi la kwanza na la pili, kwa kuwa chaji za makundi hayo hutofautiana kidogo. Zile zenye tabia ya mafuta hutenga hata vibadala vidogo: kinachovutwa nazo zaidi huchelewa kutoka. Kila kinachotoka huchorwa kama kilele kwenye grafu.

Hata hivyo, kilele si jina. Vibadala viwili vyaweza kutoka pamoja, na kibadala kimoja chaweza kutoa vilele viwili iwapo kimebeba metali tofauti. Kwa sababu hiyo spektromita hupima tungamo la kila kinachotoka. Kimiminika chenye asidi kali huzing'oa metali na kuiacha protini peke yake. Kisicho na asidi huzihifadhi. Mtafiti akipima kwa njia zote mbili, tofauti ya tungamo humdokezea metali zilizokuwamo.

Hivyo basi, mfasiri anayetumia kitenzi kimoja, "kuchambua", kwa hatua zote mbili humficha msomaji kosa linaloweza kutokea baina yake. Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo wazi, na kila kimoja kinastahili kuwekwa mahali pake.