Sanduku la Kunasa Mwanga

Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani, tena si zamani sana, palikuwa na mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Jina lake Mohamed Amin. Alipofika umri wa miaka kumi na mmoja hivi, akapata kamera yake ya kwanza, Box Brownie. Haikuwa na betri, haikuwa na kioo cha kuonyesha picha uliyokwisha kupiga. Sanduku jeusi lenye tundu, basi. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mpigapicha maarufu, ambaye mwaka 1984 alikwenda Ethiopia na kuonyesha njaa kuu ya huko, mpaka watu wa nchi nyingi wakatoa misaada.

Safari zake ni hadithi ya siku nyingine. Leo, wanangu, nataka tulifungue lile sanduku tuone mlikuwa na nini ndani.

Kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza Brownie mwaka 1900 kwa dola moja tu. Kabla ya hapo kamera zilikuwa za wenye fedha zao; hii ilitengenezwa kwa karatasi ngumu na ikauzwa kwa watoto makusudi. Mbele pana lenzi, nyuma pana filamu, katikati pana giza. Na hilo giza msilidharau, maana bila giza hakuna picha.

Sikilizeni vizuri hapa. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini mna chembechembe zilizotengenezwa kwa madini ya fedha, fedha ileile ya bangili na pete. Chembe hizo hazivumilii mwanga. Zikipigwa na mwanga, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hubadilika. Lakini ukizitazama wakati huo huoni kitu. Picha imeshaingia, ila imejificha, na inaweza kukaa hivyo wiki au miezi ikisubiri dawa.

Ndipo huja kazi ambayo wapigapicha wetu huiita kusafisha. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizopata mwanga zikawa fedha nyeusi. Dawa nyingine huziondoa zile ambazo hazikupata mwanga, ili filamu isiharibike ikitolewa nje. Kisha huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa. Kwa kuwa penye mwanga mwingi ndipo panapokuwa peusi, mambo yote hutoka kinyume: kanzu nyeupe inakuwa nyeusi, nywele za kijana zinakuwa nyeupe. Hiyo ndiyo negativu. Ukipitisha mwanga ndani yake ukaangukia kwenye karatasi ya picha, weusi na weupe hubadilishana tena, na kila kitu hurudi mahali pake.

Filamu husafishwa gizani kabisa. Lakini karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haidhuriwi na taa nyekundu, ndiyo maana vyumba vya kusafishia picha vilikuwa vyekundu. Sijui kazi ya mikono inayofurahisha kuliko ile: karatasi tupu imelala ndani ya trei ya dawa, unaitikisa pole pole, mara jicho linatokea, mara shavu, mara shangazi mzima anakutazama.

Negativu ikitunzwa huishi kuliko aliyeipiga. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zilizopigwa na studio hiyo zinatuonyesha mpaka leo jinsi watu wa Unguja walivyovaa, walivyooa na walivyosherehekea.

Kwa nini basi kijana wa leo, mwenye simu mfukoni, ashike kamera ya babu? Kwa sababu filamu ya kawaida ina picha 36, nyingine 24 tu, na kila moja umeilipia. Humpigi mbuzi yuleyule mara hamsini. Unamzunguka, unaangalia jua liko wapi, unasubiri ainue kichwa, ndipo unabonyeza. Kwangu mimi utamu wote uko katika kusubiri huko, na simu haijanipa bado.

Kuitumia kamera hiyo si kugumu. Tundu la lenzi hupanuka na kubana kama mboni ya paka, na shata, yaani kile kifuniko kinachouzuia mwanga usiifikie filamu, hufunguka kwa muda unaouchagua. Wazee walikuwa na kanuni isiyohitaji kipimo chochote: jua kali la mchana, tundu liwe 16, kasi ya shata ikaribiane na namba iliyoandikwa kwenye filamu. Filamu ya 100, weka kasi ya 125. Mawingu yakitanda, nenda 8. Kivulini, shuka mpaka 4. Kumbukeni kwamba namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Lakini jua letu la saa sita humjaza mtu vivuli machoni. Mkalisheni barazani, au mngojeeni alasiri.

Kabla hujanunua kamera kuukuu, imulike lenzi kwa tochi. Huku pwani unyevu huotesha kuvu ndani ya kioo, nao huonekana kama nyuzi nyembamba. Fungua mgongo ikiwa tupu, bonyeza, uone shata inafunguka na kujifunga. Ulizia pia nani atakusafishia filamu, maana mafundi wamebaki wachache, na dawa hizo si za kuchezewa na mtoto bila mtu mzima kando yake. Filamu zenyewe zingali zinatengenezwa. Ile pana iitwayo 120, iliyoletwa kwa ajili ya Brownie mwaka 1901, inauzwa mpaka leo.

Sasa nendeni mkamwulize bibi au babu kama kabatini kuna kamera ya zamani. Mkiipata, msikimbilie kuufungua mgongo. Kama ni ya filamu ya kawaida, zungusheni taratibu kile kimkono kidogo cha kurudishia filamu, kilicho juu upande wa kushoto, kufuata mshale. Kikikaza, ndani mna filamu, na huenda ina picha ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Bonyezeni kitufe kilicho chini ya kamera, irudisheni yote ndani ya kikopo chake, kisha mpelekeeni fundi aisafishe.